Hedhi Ikikatika Kabla ya Wakati Wake



Msichana wa pwani yetu akivunja ungo haachwi peke yake. Hupewa somo au kungwi, mwanamke mtu mzima wa kumfundisha kujitwahirisha, kuhesabu siku zake na kujiheshimu. Lakini hedhi hiyo hiyo ikikatika, hana wa kumwambia neno. Na ikikatika kabla ya wakati wake, naye angali kijana wa miaka 30 na kitu, huingia gizani pasipo wa kumshika mkono. Hilo ndilo tulilokusudia kulizungumza mwezi huu, kwa kuwa katika darsa za akina mama huku Mbagala na Tandika, na upande wa pili wa mji kule Mwananyamala, twaulizwa mara kwa mara, tena kwa kunong'onezwa baada ya watu kutawanyika.

Huenda wako watakaosema kwamba mambo haya hayasemwi hadharani. Twajibu: Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, na hedhi ni miongoni mwa waliyoyauliza. Ikiwa wao waliuliza mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, sisi ni nani hata tunyamaze?

Yafaa ifahamike kwamba wanawake walio wengi hukoma hedhi baina ya miaka 45 na 55. Akomaye kabla ya 45 amekoma mapema. Lakini ikikatika kabla ya miaka 40, hilo si uzee, bali ni upungufu wa vifuko vya mayai. Vifuko hivyo, vilivyo ubavuni mwa kizazi, huwa vimelegea katika kazi yake ya kupevusha mayai na kutoa homoni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2024 na vyama vya madaktari vya Ulaya na Marekani pamoja na wenzao wakadiria kuwa wanawake kiasi cha 3 au 4 katika kila 100 hupatwa na jambo hili. Kwa hivyo si ajabu iliyomshukia mtu mmoja. Yumkini jirani yako analo, naye amelificha kama ulivyolificha wewe.

Dalili zake ni hedhi kupotea au kuvurugika, joto la ghafula lipandalo kifuani hata usoni, jasho la usiku, usingizi kuruka, ukavu wa sehemu za siri na moyo mzito usio na sababu. Mume hudhani amechukiwa. Mawifi husema ana jini mahaba, na fedha za nyumba huishia kwa waganga. Ama sababu zake, kwa walio wengi madaktari hawazipati. Wengine wamezaliwa na kasoro katika vinasaba. Wengine kinga ya mwili wao huvishambulia vifuko hivyo. Wengine vilitolewa kwa upasuaji, au viliharibiwa na dawa na mionzi ya saratani. Ndiyo maana mwanamke kijana apelekwaye Ocean Road kwa matibabu ya saratani yampasa aulize, kabla hayajaanza, yatamwathiri vipi katika uzazi wake. Katika sababu hizi zote hamna hata moja iliyo kosa lake.

Wala si kila hedhi ipoteayo ni maradhi haya. Huenda ikawa ni mimba. Huenda ikawa ni sindano za uzazi wa mpango, au tezi ya shingoni, au hata kifua kikuu kilichoingia kizazini. Basi asijihukumu mtu mwenyewe, wala asihukumiwe na jirani. Hedhi ikipotea au ikivurugika kwa miezi 4, aende zahanati au kituo cha afya cha karibu, naye amechukua karatasi yenye tarehe za hedhi zake za mwisho na majina ya dawa atumiazo. Aombe barua ya rufaa ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake, katika Hospitali ya Rufaa ya Mwananyamala kwa watu wa Kinondoni, au ya Temeke kwa watu wa Temeke. Na ikibidi zaidi, Muhimbili. Hapo hupimwa mimba kwanza, kisha damu. Iko homoni iitwayo FSH ambayo tezi iliyo chini ya ubongo huituma kuvihimiza vifuko vya mayai; vifuko vikilegea, homoni hiyo hupanda sana, kama mtu apazaye sauti kumwita asiyeitika. Akiambiwa tu, "Hiyo ni kawaida, rudi nyumbani," na umri wake haujafika 40, aulize kwa adabu: "Daktari, homoni zangu zimepimwa?"

Tiba ipo, na Mtume wetu ametuamrisha kujitibu. Mwanamke huyu hurudishiwa kwa dawa homoni zilizopungua, kwa kawaida mpaka afikie kiasi cha miaka 50, umri ambao wenzake hukoma. Mwenye kizazi hupewa aina mbili pamoja, ili kizazi chake kisidhurike. Aliyepata kuugua saratani ya matiti asizitumie mpaka daktari wake ashauriwe. Tiba hii si anasa ya kutafuta ujana: homoni hizo zikikosekana miaka mingi, mifupa hudhoofika na moyo huwa katika hatari. Pamoja na dawa, ale dagaa, anywe maziwa akipata, atembee kwa miguu na apate jua.

Hapa yaingia masuala ya dini. Sura ya Talaka, aya ya 4, imeweka eda ya miezi 3 kwa mtalaka aliyekata tamaa ya hedhi. Lakini huyu kijana, hedhi yake huenda ikarejea. Na wanazuoni wana maneno marefu juu ya aliyekatikiwa kabla ya umri. Asikisie basi, bali amwendee kadhi au sheikh mwenye ilimu, naye ana cheti cha daktari mkononi. Vivyo hivyo aulize juu ya damu itokayo kwa ajili ya dawa, kwa sababu ya sala na saumu yake.

Ama mtoto, mlango haukufungwa kabisa: kiasi cha 5 hata 10 katika kila 100 ya wanawake hawa hushika mimba wenyewe. Mahospitalini huenda akashauriwa kutumia yai la mwanamke mwingine. Ajue mapema kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilikataza kumwingiza mtu wa tatu baina ya mume na mke katika uzazi. Lakini kumlea yatima, pasipo kumbadilishia nasaba yake, ni katika amali zilizosifiwa mno.

Nanyi waume, msiwe wepesi wa kusema gumba. Bi Aisha hakuzaa, naye ni Mama wa Waumini. Mtume alimpa kuniya ya Ummu Abdillahi kwa jina la mtoto wa dada yake, na hadithi alizozipokea zapita 2,000. Ni nani athubutuye kusema kwamba nyumba ile ilikuwa tupu? Mume mwema huenda hospitali pamoja na mkewe, husikia mwenyewe maneno ya daktari, kisha huyafikisha kwa mama yake na dada zake ili wakome kumsema.

Neno letu la mwisho twawaelekea akina mama wa darsa. Kila darsa na liwe na mwanamke mmoja au wawili, watu wazima wenye siri, watakaokuwa makungwi wa hedhi ikatikapo kama walivyo makungwi wa hedhi ianzapo. Kazi yao si kutibu. Ni kusikiliza, kumsindikiza mwenzao siku ya kupimwa, na kumkumbusha dawa. Kikoba kinachotoa mchango wa harusi hakishindwi na nauli ya daladala na fedha za kipimo. Tena wasimpe jina la utani, wala wasimwache nyuma katika shughuli za arobaini ya mtoto kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Wamwalike, na kuja au kutokuja aamue mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azitulize nyoyo zao, na atujaalie kuwa stara kwa wenzetu, tusiwe maneno vinywani mwa watu. Amin.