Mawingu ya Ngong na taarifa ambazo rubani hapati

KILA mwaka, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Kitengela, Ngong na Kajiado huamka na kukuta anga imefunikwa na mawingu mazito ya chini, ambayo aghalabu hayatawanyiki hadi jua lipande. Kwa msafiri wa matatu, hiyo ni baridi ya msimu tu. Kwa rubani wa ndege ndogo anayetoka uwanja wa Wilson, ni suala la uhai na mauti.

Ni katika msimu huo, Juni 10, 2012, ambapo helikopta ya polisi iliyokuwa ikielekea Ndhiwa ilianguka Kibiku, Ngong. Watu wote sita waliokuwemo walifariki, akiwemo aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, na waziri msaidizi, Joshua Orwa Ojode.

Chanzo cha ajali hiyo kilichunguzwa na tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal, na si nia ya makala haya kuufufua mjadala huo. Swali letu ni jingine: rubani anayekabili milima ile huambiwa nini kuhusu mawingu yake?

Kabla ya kupaa, rubani hupata taarifa za aina tatu kutoka kwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Kuna METAR, ambayo ni ripoti ya hali ilivyo uwanjani kila saa au nusu saa; TAF, ambao ni utabiri wa uwanja huo; na SIGMET, ambalo ni onyo kuhusu hatari kubwa angani kama vile dhoruba za radi na misukosuko mikali ya upepo.

Taarifa hizo ni muhimu, na zinafuata kanuni za kimataifa. Hata hivyo, mbili za kwanza huhusu uwanja na mazingira yake ya karibu, ilhali ya tatu haikukusudiwa kutangaza mawingu ya chini yaliyofunika kilele cha mlima.

Hesabu ndogo itaonyesha pengo lililopo. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Ngong, iliyo umbali wa kilomita 20 hivi, hufikia mita 2,460.

Iwapo ripoti itasema mawingu yameanza futi 2,000 juu ya uwanja, yaani takriban mita 600, rubani ataruhusiwa kupaa akitegemea macho yake. Lakini mawingu hayo yako mita 2,290 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Ngong kitakuwa kimezama ndani yake kwa mita 170. Ripoti haikudanganya; imenyamaza tu kuhusu mlima.

Hali ni ngumu zaidi kwa anayetoka kiwanja kidogo kama Orly, upande wa Kitengela. Yeye hutegemea ripoti za viwanja vya jirani, macho yake, na simu kwa mwenzake aliyetangulia kupita njia hiyo.

Tatizo hili si la Kajiado pekee. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi ilianguka karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa na kuwaua watu 14, wakiwemo wabunge. Juni 5, 2018, ndege ya abiria iliyotoka Kitale iligonga milima ya Aberdare, na watu 10 wakaangamia. Nchi yetu ina milima mingi kuliko vituo vya kuiangalia.

Marekani, ikikabiliwa na tatizo kama hili Alaska, iliweka kamera milimani ili rubani aione njia kabla ya kuondoka. Hapa kwetu, KenGen tayari ina mitambo ya umeme wa upepo juu ya Ngong. Barabara ipo na umeme upo. Kuongeza kamera na kipimo cha urefu wa mawingu si jambo lililo nje ya uwezo wa serikali.

Kadhalika, vyombo hivyo havitafaa kitu ikiwa abiria mwenye cheo ataendelea kumharakisha rubani. Anayesema "tusubiri mawingu yapande" hapaswi kuonekana mwoga, wala kuhofia kibarua chake. Mkutano wa hadhara unaweza kuchelewa saa mbili bila hasara kubwa.