Mkanda Mpya Haulii Bure

Mwandishi mmoja aliyewaambia wenye Subaru wa Nyeri na Karatina kwamba kelele baada ya kubadilisha mkanda wa taimingi ni kawaida amewapotosha. Anasingizia baridi ya Julai. Kweli, tenshena ya mafuta inaweza kugonga sekunde chache asubuhi, kisha ikanyamaza. Kelele isiyokoma ni jambo jingine.

Kwanza fungua mkanda wa oltaneta, uwashe injini sekunde chache. Kelele ikipotea, taimingi haina kosa. Ikibaki, sikiliza: mlio mwembamba unaopanda na mwendo mara nyingi ni beringi za rola kuukuu, au pampu ya maji, zilizoachwa ili kuokoa pesa. Sauti ya kupiga kifuniko ni mkanda uliolegea, pengine kwa sababu fundi aliibana tenshena kwa haraka akaiharibu. Mkanda ukiruka meno, valvu zinaweza kupinda.

Usipande Nyeri Hill na kelele hiyo. Mrudie fundi, azungushe krankshafti kwa spana mizunguko 2, akuonyeshe alama za gia zote zimelingana.