Je, Kulea Ni Maumbile ya Mtoto wa Kike Tu?

Bamvua likifika, akina mama wengi wa Pemba huteremka pwani kushughulikia mwani. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwaka 1989, na hadi leo sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Je, mama akiwa baharini, mtoto mchanga anabaki na nani? Katika nyumba nyingi anabaki na dada yake, hata kama ni siku ya shule. Kaka mtu yuko uwanjani anacheza mpira. Ukiuliza sababu utaambiwa: "Mtoto wa kike ndivyo alivyoumbwa."

Wazazi wapendwa, neno hili tulipime vizuri, maana lina ukweli ndani yake. Mtoto akirithi kromosomu Y kutoka kwa baba yake, kwa kawaida huwa wa kiume. Mwaka 1990 wataalamu wa London waliitambua jeni ya SRY iliyomo katika kromosomu hiyo. Jeni hiyo huanza kazi mimba ikiwa bado changa sana, korodani zikafanyika, nazo zikatoa homoni ya testosteroni. Homoni hiyo haijengi viungo tu. Wako wasichana wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, ambao huwapatia homoni nyingi za kiume wangali tumboni. Walipochunguzwa, ilionekana kwamba wao hupenda michezo ya kivulana kuliko dada zao wasio na ugonjwa huo. Kwa hiyo anayesema kwamba tofauti zote zinatokana na malezi, naye anakosea.

Wengine hueleza kwa historia ndefu ya viumbe. Mwaka 1972 Mmarekani Robert Trivers aliandika kwamba mzazi anayegharimika zaidi kwa mtoto ndiye huwa mwangalifu zaidi. Mama hubeba mimba miezi tisa na kunyonyesha, baba habebi. Maelezo hayo yana uzito. Lakini hayasemi kwamba baba hana uwezo wa kulea.

Na hapa tunao ushahidi wa kwetu Tanzania. Karibu na Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao ni wawindaji, na Wadatoga, ambao ni wafugaji. Baba wa Kihadzabe hubeba na kubembeleza watoto wake. Kwa Wadatoga, mtoto mchanga ni shughuli ya mama. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Uchunguzi mmoja haumalizi maneno, lakini unaelekea kuonyesha kwamba hata homoni hufuata kazi anayofanya mtu.

Watoto nao je? Huko Oyugis, nchini Kenya, mtaalamu Carol Ember aliwaangalia wavulana wa Kijaluo, akaandika habari zao mwaka 1973. Baadhi yao walipewa kazi za ndani kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa kuzifanya. Wavulana hao walikuwa wapole zaidi kuliko wenzao. Wala hawakuacha kuwa wavulana.

Sisi tunaona, basi, kwamba maumbile yanasingiziwa. Mvulana anayeweza kupanda mkarafuu hadi kileleni hashindwi kumshika mdogo wake. Na saa za shule, mtoto asiachiwe dada wala kaka. Baba aliyerudi kuvua alfajiri, au bibi, amshike. Tunajua baba huyo amechoka. Mama naye atarudi amechoka, tena amelowa.

Jioni ndipo zamu ya kaka. Afundishwe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto, kuonja joto la uji, na kumwita mtu mzima mara moja mtoto akichemka mwili au akianza kuhara. Paketi ya chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, na mvulana aliyefika darasa la nne anaweza kukisoma.