Utafiti wa korosho nao uchorewe ramani

MKULIMA wa Lukuledi wilayani Masasi akiona mkorosho unanyauka, humkimbilia bwana shamba. Bwana shamba naye husubiri neno la kituo cha utafiti cha Naliendele. Je, Naliendele nako wanategemea wataalamu wangapi?

Ipo njia ya kujua. Kila andiko la kitaalamu hubeba majina ya walioliandika, na hutaja maandiko liliyoyategemea. Ukichora mistari kati ya andiko na andiko, kisha kati ya waandishi walioshirikiana, unapata ramani. Ni kama daftari la madeni la mwenye duka: linaonyesha nani kakopa kwa nani. Mmarekani Eugene Garfield alianza kuyapanga marejeo ya sayansi kwa namna hiyo miaka ya 1960.

Tuchukue korosho yetu. Mwaka 1992 Waller, Nathaniels, Sijaona na Shomari waliandika kuhusu ubwiriunga, ugonjwa uliochangia kuangusha mavuno ya nchi kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Mwaka 1997 ikaja makala ya Martin na wenzake zaidi ya kumi kuhusu utunzaji wa mikorosho. Sijaona na Shomari wamo. Mwaka 2016 Shomari yumo tena, safari hii na Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakieleza mnyauko wa fusari.

Miaka 24, na jina moja linashona maandiko yote matatu! Kwa mtafiti hiyo ni sifa. Kwa zao inanitia wasiwasi, maana watu hustaafu. Maandiko matatu hayatoshi kutoa hukumu, ndiyo maana nataka ramani nzima.

Isitumike lakini kumpandisha mtu cheo. Andiko linalotajwa sana si lazima liwe bora, na kipeperushi cha Kiswahili kuhusu kupuliza salfa hakihesabiwi kabisa, hata kama kimeokoa mikorosho mingi.

Gharama si kisingizio. Programu ya kuichora, VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ni ya bure. Kinachotakiwa ni kijana mwenye kompyuta. Vyama vya msingi viiombe Naliendele, na kando ya kila jina pawekwe mwaka wa kustaafu na jina la kijana anayeandika naye sasa.