Ni Nani Mwenye Gari Hili la Umeme?

Ipo kasumba moja ambayo mabepari wameipanda katika vichwa vya watu duniani kote, nayo ni hii: kwamba mtu akilipa fedha yake, akapewa hati na ufunguo, basi chombo alichonunua ni chake. Maelfu ya watu wa Marekani na Ulaya walionunua gari kubwa la umeme liitwalo Fisker Ocean, ambalo hapa kwetu lingeitwa shangingi, wamefundishwa kwa gharama kubwa kwamba imani hiyo ni ya uongo. Wapo waliolipa dola 68,999 kwa gari moja. Walipewa hati. Walipewa ufunguo. Lakini kampuni ilipofilisika mwezi Juni 2024, waligundua kwamba walichokuwa wamenunua ni bati, viti na magurudumu. Akili ya gari ilikuwa imebaki kwa tajiri.

Hatuandiki haya ili kuwacheka. Aliyenyonywa hachekwi, awe Mtanzania au Mmarekani. Tunaandika kwa sababu magari ya umeme yanakuja kwetu pia, na mwenye busara hujifunza kwa jeraha la mwenzake kabla hajapata la kwake.

Tuanze na kampuni yenyewe. Mwanzilishi wake, Henrik Fisker, ni mchoraji wa magari mwenye sifa, mzaliwa wa Denmark. Kampuni yake ya kwanza ya magari ilifilisika mwaka 2013, baada ya kukopa kiasi cha dola milioni 192 kutoka Serikali ya Marekani. Katika mkopo huo walipa kodi wa nchi ile walipoteza takriban dola milioni 139. Katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, mtu aliyepoteza mali ya umma kwa kiasi hicho angeulizwa maswali mengi kabla ya kukabidhiwa tena imani ya watu. Katika nchi ya mabepari, mwaka 2016 alianzisha kampuni nyingine yenye jina lile lile, na mwaka 2020 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York.

Kampuni hii ya pili ilikuwa na fahari moja ya ajabu. Ilijisifu kwamba ni nyepesi, kwa maana kwamba haikuwa na kiwanda chake cha magari. Magari yake yaliundwa na kampuni nyingine, Magna, katika mji wa Graz nchini Austria, kuanzia Novemba 2022. Betri zilitoka kwa kampuni ya China. Matajiri wa soko la hisa waliusifia wepesi huo kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Lakini mfanyakazi yeyote angeweza kuwaambia kwamba mwenye kiwanda ana mizizi, na asiye na kiwanda huondoka kama mpangaji anayehama usiku. Alama ikishabandikwa na fedha ikishapokewa, amebakiza nini cha kumfunga kwa mnunuzi?

Sasa tuwatazame waliokuwa wakiishi na gari hilo. Katika karatasi lilikuwa gari la kutamanisha. Kwa kipimo cha Serikali ya Marekani, aina yake ya juu ilikwenda maili 360, yaani karibu kilomita 580, kwa chaji moja. Paa lake liliweza kuvuna mwanga wa jua. Kitufe kimoja kiliteremsha vioo vyote kwa pamoja. Katikati palikuwa na skrini kubwa ya kuzungushwa, kusimama au kulala, kama apendavyo dereva.

Maisha ya kila siku yalikuwa mengine. Wenye magari walisimulia jinsi walivyosimama kando ya gari, ufunguo mkononi, na gari likakataa kuwatambua. Walisimulia jinsi betri ile ndogo ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuamsha mitambo, ilivyokufa wakati betri kubwa ya chini ya sakafu imejaa umeme tele. Tajiri wa umeme akawa maskini wa cheche! Pampu za maji ya kupozea mitambo ziliharibika, na vitasa vya milango vikagoma. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya gari hili mara kadhaa: juu ya breki kupungua nguvu, juu ya gari kubiringika lenyewe likiwa limeegeshwa, na juu ya milango isiyofunguka. Haya si malalamiko ya watu wenye kudeka. Gari lenye breki za mashaka ni hatari kwa aliyemo na kwa mwenda kwa miguu asiyekuwa na hisa wala hati.

Wakati wateja wakililia matengenezo, kampuni ilikuwa ikililia fedha. Machi 2024 utengenezaji ulisimamishwa. Mwezi huo huo hisa zake ziliondolewa sokoni New York, na bei ya gari la aina ya juu ikashushwa kutoka dola 61,499 hadi dola 37,499. Aliyenunua mwezi mmoja kabla aliamka asubuhi akiwa amepoteza dola 24,000 bila gari lake kusogea hatua moja. Miezi mitatu baadaye kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Makampuni ya magari yamekufa tangu zamani. Lakini kiwanda cha gari la petroli kilipokufa, mwenye gari hakufa nacho. Fundi alifungua boneti, akaona kwa macho, akagusa kwa mikono, akachonga kipuri au akatafuta kinachofanana nacho. Maarifa ya injini ile yalikuwa yametapakaa kwa umma, na hakuna mahakama iliyoweza kuyakusanya na kuyafungia sandukuni.

Gari hili la umeme lilikuwa na hali tofauti. Matengenezo yake mengi yalitegemea programu, na programu ilikuwa siri ya kampuni. Gari liliongea na kompyuta za kampuni zilizo mbali, na kwa njia hiyo likaletewa marekebisho. Kampuni ya American Lease ya New York, inayokodisha magari kwa madereva wa teksi, ilikubali kununua magari zaidi ya 3,000 yaliyosalia kwa bei isiyozidi dola milioni 46.25. Oktoba 2024 ilieleza mahakamani kwamba imeambiwa taarifa za magari hayo haziwezi kuhamishwa kutoka katika kompyuta za Fisker kwenda kwingine. Tafakarini jambo hilo, ndugu wasomaji. Mnunuzi analipa mamilioni ya dola, magari yamo katika yadi yake, lakini roho ya magari iko kwa marehemu! Ilibidi mapatano mapya yafanywe, na fedha nyingine zitolewe kwa ajili ya huduma hiyo ya mitambo, ndipo biashara ikaendelea.

Ikiwa tajiri mwenye mawakili alibanwa namna hiyo, mwenye gari moja angekuwa na nguvu gani? Mwaka huo huo wateja waliambiwa kwamba katika kurekebisha kasoro za usalama watapewa vipuri, lakini kazi ya fundi wailipie wenyewe. Sheria ya Marekani inasema kasoro za namna hiyo hurekebishwa bure na aliyetengeneza gari, na Serikali ya nchi ile ikalazimika kwenda mahakamani kupinga. Ndiyo desturi ya unyonyaji: faida ni ya mwenye hisa, hasara ni ya mwenye shida.

Wenye magari walifanya nini? Walifanya kile ambacho wanyonge wamefanya siku zote wanapotupwa na tajiri. Waliungana. Waliunda chama chao, wakachanga fedha na maarifa. Wenye ujuzi wa kompyuta walichunguza jinsi programu za gari zinavyofanya kazi. Wengine walitafuta vipuri na funguo, wengine waliwatafuta mafundi waliowahi kufanya kazi katika kampuni ile, na wengine walisimama mahakamani kutetea haki ya wanachama. Watu wa Marekani na wa Ulaya, waliolelewa kuamini kwamba kila mtu ajitafutie lake, walijikuta wakiendesha ushirika! Hawakuuita ujamaa, na wengi wao wangeshtuka kusikia neno hilo. Lakini jina si hoja. Ubepari uliwauzia gari, na umoja ndio uliowawezesha kuendelea kuliendesha.

Tunajua kwamba wapo watakaokidaka kisa hiki na kukigeuza. Wa kwanza ni mawakili wa mafuta ya petroli, ambao watasema: mnaona, gari la umeme ni ulaghai, turudi tulikotoka. Hoja hiyo ni ya kipuuzi. Nchini Norway, mwaka 2024, karibu magari mapya 9 katika kila 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na nchi hiyo haikusimama. Ethiopia, nchi ya Afrika isiyo na mafuta lakini yenye mito, ilipiga marufuku mwaka huo huo kuingiza magari yanayotumia petroli na dizeli. Sisi tunaagiza petroli na dizeli yetu kutoka nje kwa fedha za kigeni, na wakati huo huo tumejenga Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Gari linalokunywa maji ya Rufiji badala ya mafuta ya ng'ambo ni gari la kujitegemea. Umeme hauna kosa. Kosa ni la yule anayefungia maarifa.

Wa pili ni makasisi wa soko huria, ambao watasema: kampuni mbovu imekufa, soko limejisafisha, hakuna la kufanya. Nao tunawauliza: soko limemsafisha nani? Waliolipa ndio waliosafishwa mifuko. Wananchi wa jimbo la Massachusetts, huko huko Marekani, hawakulisubiri soko. Mwaka 2012 walipiga kura kudai kwamba watengenezaji wa magari wawape wenye magari na gereji huru maarifa ya kutengeneza. Mwaka 2020 walipiga kura tena, na robo tatu yao wakataka haki hiyo iguse pia taarifa ambazo gari hupeleka kwa kampuni kwa njia ya mawasiliano. Wenye viwanda walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Kama soko lingekuwa linatoa haki kwa hiari yake, kwa nini wenye soko waliikimbilia mahakama ili kuizuia?

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa Dar es Salaam wanayakumbuka mabasi marefu ya Ikarus, yale ya UDA tuliyoyaita kumbakumba. Yalikuwa mabasi imara, lakini ukosefu wa vipuri ulikuwa ugonjwa mkubwa wa usafiri wetu katika miaka ile. Tulijifunza kwamba mashine isiyo na kipuri ni mapambo. Leo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kipuri kinachoweza kukosekana hakionekani kwa macho wala hakichongeki kwa tupa. Fundi wa Gerezani, ambaye ufundi wake umeyaweka barabarani magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa Japani, atafanya nini mbele ya gari linalomdai neno la siri?

Hatuna budi, basi, kuweka masharti mapema, wakati muuzaji bado anatutaka. Kwanza, asiruhusiwe mtu kutuuzia gari, basi, bajaji au pikipiki ya umeme kwa wingi bila kukabidhi nchini vitabu vya matengenezo na vyombo vya kupimia kasoro, vitumiwe na gereji yoyote yenye sifa. Pili, programu na funguo zake ziwekwe amana, ili kampuni ikifa au ikikimbia, maarifa yabaki kwa wananchi. Tatu, muuzaji aweke akiba ya vipuri na dhamana ya fedha inayolingana na idadi ya vyombo alivyouza. Nne, vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kufungua, kupima na kurekebisha betri na mitambo ya umeme, ili wasiishie kuosha magari hayo na kuyachomeka kwenye chaji.

Watakuwapo watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wauzaji. Na wafukuzike wale watakaoyakimbia! Muuzaji anayekataa kumwachia mnunuzi maarifa ya chombo alichokilipia hakuwa muuzaji tangu mwanzo. Alikuwa mwenye nyumba anayetafuta wapangaji, na kodi yake ingepanda siku ambayo hatungekuwa na pa kuhamia.

Azimio la Arusha lilitufundisha mwaka 1967 kwamba njia kuu za uchumi zikiwa mikononi mwa wachache, wengi huwa watumwa wao. Katika zama hizi maarifa yaliyofungwa ndani ya mashine ni njia mojawapo kuu ya uchumi. Tuyapokee magari ya umeme kwa mikono miwili, lakini tusiyapokee kwa macho yaliyofumbwa. Kabla ya kutia saini, kabla ya kuhesabu fedha, kila mnunuzi, kila halmashauri na kila wizara iulize swali moja: siku aliyetuuzia atakapokuwa hayupo, gari hili litamtii nani? Kama jibu si sisi, tusinunue.