Pikipiki ya Kupandia na Pikipiki ya Kuteremkia

Ndugu zetu watumishi wa Serikali, kwa muda mrefu umekuwapo ubishi katika mabaraza yetu juu ya pikipiki ipi yafaa kwa kazi ya mlimani: ile ya mapigo mawili, ambayo mafundi huiita tustroki, au ile ya mapigo manne, yaani fostroki. Wakubwa wetu waliotumia Yamaha DT na AG 100 zamani hawataki kusikia habari ya nyingine. Vijana, ambao tangu kujifunza wameona Boxer na TVS tu, hudhani tustroki ni chombo cha kukatia miti. Sisi tukaao Rau twaona ya kuwa pande zote mbili zaangalia kupanda tu. Nasi twapenda kusema juu ya kuteremka.

Yafaa tueleze kwanza tofauti yenyewe, maana wako wasomaji walio hodari wa majalada kuliko wa spana. Katika injini ya tustroki mafuta huwaka kila krenki izungukapo mara moja. Katika fostroki huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Tena tustroki haina valvu za namna ya fostroki, ina vyombo vichache, na ni nyepesi. Kwa hiyo, injini mbili zikiwa za ukubwa mmoja, tustroki huipita mwenziwe kwa nguvu. Hata katika mashindano ya motokrosi ya Ulaya na Marekani kanuni zimeruhusu fostroki ya sisi 450 ishindane na tustroki ya sisi 250. Na huko Erzberg, Austria, katika mashindano yaliyoanza mwaka 1995, ambayo watu hupanda kingo za machimbo ya chuma kwa pikipiki, washindi wengi wa miaka ya karibuni wameshinda juu ya tustroki. Basi wakubwa wetu hawasemi upuuzi.

Lakini mpanda Erzberg ana fundi wake kando, na pistoni mpya mfukoni. Mganga wa zahanati au bwana shamba apandaye toka Rau kwenda Uru, na kupita hata Materuni na Shimbwe, hana fundi wala pistoni. Ana sanduku la dawa au mbegu nyuma ya kiti, na yampasa arudi jioni.

Tuitazame safari yake. Mjini Moshi yuko katika mita 800 na kitu juu ya bahari. Vijiji vya juu hupita mita 1,500. Hewa hupungua apandavyo, na injini yo yote isiyo na chombo cha kuisaidia hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Hasara hiyo ni ya wote. Walakini tustroki yenye kabureta hulemewa kwa njia nyingine tena: petroli huzidi hewa, mwendo ni wa polepole kwa sababu ya matope na mizigo, na plagi hulowa oili ikazima. Wakati wa masika, Machi hata Mei, udongo mwekundu wa migombani huteleza kama sabuni. Hapo nguvu za tustroki, ambazo huja kwa ghafula injini ikisha kulia sana, huzungusha gurudumu la nyuma bure. Fostroki huvuta toka chini, taratibu, kama ng'ombe wa plau. Mtu mwepesi asiye na mzigo, tena hodari, ataipenda tustroki hata katika tope hilo. Lakini watumishi wengi si wapanda mashindano, nasi ni miongoni mwao.

Haya sasa, amekwisha kufika, ametoa dawa zake, anarudi. Hapa ndipo penye neno letu. Mteremko wa kutoka Shimbwe haukwishi upesi. Mpanda fostroki huweka gia ya pili, huachia resi, na injini yenyewe humzuia. Breki hugusa tu penye kona. Mpanda tustroki hana msaada mkubwa wa namna hiyo, kwa kuwa injini yake ikiachiwa resi huzuia kidogo tu. Basi hushika breki muda wote, na breki za ngoma zikipata moto, au zikilowa maji ya mfongo uliokatiza njia, hulegea. Mwenye kujua habari za njia zile anafahamu nini kiko chini ya kona.

Tena liko jambo baya zaidi, ambalo wengi hawalijui. Fostroki huweka oili yake chini ya injini, nayo huzunguka humo daima, resi iwe imevutwa au imeachwa. Tustroki hupata oili pamoja na petroli. Mtu akichanganya mwenyewe katika tangi, au pikipiki ikiwa na tangi dogo la oili na pampu yake kama AG 100, ni mamoja: resi ikifungwa, oili hupungua. Basi mtu ateremkaye muda mrefu katika gia, resi imefungwa, injini inazunguka mbio kwa kusukumwa na mlima huku oili ni haba. Pistoni hupata moto, hunasa katika silinda, gurudumu la nyuma hufunga. Wajuzi wa tustroki hukamata klachi, au huvuta resi kidogo mara kwa mara ili kuilisha injini. Ni dawa nzuri. Lakini nani amemfundisha karani wa kijiji aliyepewa ufunguo Ijumaa na kuambiwa aanze kazi Jumatatu?

Wengine watasema fostroki nayo hufa. Hayo ni kweli, na aghalabu sisi wenyewe ndio wauaji. Oili yake, kadiri ya lita moja tu, hubadilishwa baada ya kilomita zilizoandikwa katika kitabu chake, wala si siku itakapokuwa nyeusi kama lami. Ikiharibika, kuitengeneza ni kazi ndefu kuliko kubadili pistoni ya tustroki, ambayo fundi mwema huweza kuifanya chini ya mwembe. Kampuni ya Honda ilijua tabia hii ya wanadamu: CG 125 yake, iliyoanza mwaka 1976, ilitengenezwa iwe na mitambo sahili ya valvu, iweze kustahimili watu wasioitunza, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea kwetu zimeufuata mfano ule. Ndiyo sababu spea zake hupatikana mpaka kwenye maduka madogo. Tustroki ikivunjika leo, mtu huweza kungoja silinda hata msimu upite. Na moshi wake, mwacheni asemaye ni kitu kidogo aifuate nyuma toka Rau Madukani hata Uru.

Kwa hayo twasema wazi: kwa mtumishi wa mteremkoni, fostroki. Tustroki ibaki kwa michezo na kwa wale wachache waijuao na kuipenda.

Lakini hatutaki shauri letu liwe sababu ya kununua na kusahau. Aprili 2022, Dodoma, Serikali iligawa pikipiki 7,000 kwa maafisa ugani, na kila apandaye mlima aliona neema iliyomo. Pikipiki hupokewa kwa picha na makofi. Oili hainunuliwi kwa makofi. Twajua ofisi ambako petroli ina fungu lake na karatasi yake, ila oili ya injini haina fungu wala karatasi, na mtumishi huitoa mshaharani. Mwenye watoto shuleni hungoja mwezi ujao, kisha mwingine, na pikipiki hufa naye ndiye huandikiwa barua ya kujieleza.

Twaomba Kamati ya chama chetu ilichukue jambo hili kwa waajiri kabla ya makadirio mapya kuandikwa: kila pikipiki iandikiwe fungu la oili kando ya petroli, tairi za meno zitolewe kabla ya masika, na kila apokeaye ufunguo apelekwe siku moja mlimani na mtu ajuaye, akafundishwe kuteremka.