Makina Kwanza, Twiga Baadaye

Kila muhula wa pili ukifika, chama chetu cha Kiswahili huzuka na ubishi uleule: safari ya mwaka huu ni ya wapi? Wenye pesa husema Mombasa, tukaione Fort Jesus iliyojengwa na Wareno mwaka 1593. (Mimi huwauliza kama wameisahau Fort Jesus yetu, mtaa ule wa hapa Kibera karibu na Ayany, ambao nauli yake ni miguu tu.) Mwaka huu kundi kubwa linataka Giraffe Manor, ile hoteli ya Lang'ata ambamo twiga huingiza shingo dirishani wageni wakiwa mezani wanakunywa chai. Sina ugomvi na twiga. Lakini naona tunataka kuanzia mwisho wa hadithi. Twende Makina kwanza.

Najua kuna watakaocheka. Makina? Si ndiyo tunapita kila siku tukienda sokoni? Naam, ndiyo hiyo hiyo. Na ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba kijiji hicho kina umri mkubwa kuliko jumba hilo la twiga? Jumba lilijengwa mwaka 1932 na Sir David Duncan, kwa kufuata mtindo wa nyumba za kuwindia za Uskoti. Wanubi walikuwa wamekwisha kukaa hapa tangu 1904 hivi. Jina lenyewe Kibera linatokana na Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Sisi tunaokaa Raila, Kianda, Gatwekera, Lindi na Silanga tunalitamka neno la Kinubi mara ishirini kwa siku, tukidhani ni jina tu kama majina mengine.

Hawa Wanubi ni nani? Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan. Mwaka 1891 Lugard aliwaandikisha kazi ya kijeshi upande wa Uganda, na baadaye wakaingia katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana vita ambavyo havikuwa vyao, kisha serikali ya kikoloni ikawaweka kwenye msitu huu nje ya Nairobi badala ya kuwapa pensheni. Mwaka 1918 ardhi hiyo ikatangazwa rasmi, eka 4,197. Lakini maskini, hati hawakupewa. Walihesabiwa kuwa watu wa kukaa kwa ruhusa ya serikali, na mtu wa kukaa kwa ruhusa huondolewa siku yoyote.

Miaka ikapita, mitaa ikajengwa, nyumba za kupanga zikasongamana, na msitu ukaisha. Hati ilikuja tarehe 2 Juni 2017, ikakabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta. Ilikuwa ya eka ngapi? 288. Tunaopenda hesabu tutoe wenyewe: eka 3,909 hazimo. Na kutoka 1918 hadi 2017 ni miaka 99. Si ardhi peke yake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki yao ya uraia. Watoto wa rika letu, jamani, waliozaliwa hapa, ambao babu wa babu zao walizaliwa hapa pia, wakifika umri wa kuchukua kitambulisho walikuwa wakihojiwa kama wageni.

Sasa turudi kwa twiga. Mwaka 1974 jumba lile lilinunuliwa na mume na mke wa ukoo wa Leslie-Melville. Wakati huo twiga wa aina ya Rothschild walikuwa wachache mno nchini, na waliobaki huko Soy, magharibi mwa nchi, walikuwa wanapoteza makao kwa sababu shamba lao lilikuwa linagawanywa. Wawili hao wakamleta twiga mchanga Lang'ata, wakamwita Daisy, akafuatiwa na Marlon. Mwaka 1983 kituo cha twiga kikafunguliwa, na mwaka 1984 jumba likaanza kupokea wageni wa kulala. Hilo ni jambo jema na ninalisifu. Lakini linganisha, msomaji. Twiga alipopoteza shamba alitafutiwa uwanja wenye miti na dirisha la kulia chakula. Askari wa Keya alipoanza kupoteza msitu, nani alimtafutia dirisha?

Swali hilo siwezi kulijibu mimi, na wala halijibiwi kwa kuangalia picha za twiga kwenye simu. Ndiyo maana nasema siku iwe moja: asubuhi Makina, mchana Lang'ata. Anayeona hoteli peke yake atarudi akisema "Wazungu wanaishi vizuri." Anayeona kijiji peke yake atarudi akisema "maskini wanateseka." Wote wawili watakuwa wamerudi na walichoondoka nacho.

Kuna hoja moja inayonisumbua kweli, na ilitolewa na mwenzangu wa Kawangware tulipokuwa tukibishana darasani. Aliniambia: "Wewe unataka tufanye yale yale wanayofanya watalii, kuja kutazama watu kama wanyama." Hoja yake ina nguvu. Watalii huja Kibera tangu zamani, hasa baada ya ile filamu ya The Constant Gardener iliyotoka 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa. Hufuatana mstari mmoja juu ya reli, kamera shingoni, wakimpiga picha mtoto anayeoga kwenye karai mbele ya mlango wao. Hakuna anayebisha hodi. Halafu jioni hurudi kwenye hoteli zao, na hapo hakuna mtu wa Raila anayeweza kuingia kuwapiga picha wao wakioga!

Hata hivyo, tofauti ipo, na iko katika neno hilo hilo la hodi. Mtalii huja kuona shida, wala hamjui mwenye nyumba. Sisi tutakwenda kwa wazee, tuamkie shikamoo, tukaribishwe, tukae, tuulize, tuandike. Tutaona msikiti wa Makina na zile nyumba za zamani za udongo zenye mabati mekundu kwa kutu na baraza mbele. Tutaona kawa za rangi rangi za kufunikia chakula ambazo akina mama wa Kinubi huzisuka na kuziita tabaga. Na kubwa kuliko yote, tutasikia Kinubi chenyewe, lugha iliyozaliwa kambini kutokana na Kiarabu cha askari, ambayo inasemwa Kibera na pia Bombo kule Uganda. Chama cha Kiswahili kisichotaka kusikia lugha ya jirani yake kinafanya nini hasa? Kuimba ngonjera tu?

Haraka ipo pia. Hapa kwetu mambo hayakai. Kijiji chetu cha Raila kilipewa jina la aliyekuwa mbunge wa Lang'ata kutoka 1992 hadi 2013, na mwenye jina alifariki Oktoba 2025. Kijiji chenyewe Februari 2004 kiliingiliwa na matingatinga, nyumba zikabomolewa, na shule na zahanati pia, ili barabara ipite. Julai 2018 zikabomolewa nyingine upande ule mwingine, kwa ajili ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Barabara tunazitumia, sikatai. Lakini nani aliandika palikuwa na nini kabla ya lami? Wazee wa Makina waliosikia habari za Keya kutoka kwa baba zao wenyewe wanapungua kila mwaka, na sisi tunapanga safari ya kumpa twiga vidonge vya chakula.

Kuhusu gharama, mweka hazina asitie hofu. Makina tutakwenda kwa miguu. Mchana tutapanda matatu ya kwenda Karen. Hotelini hatutaingia, maana wanaoingia ni wageni wao tu, lakini kituo cha twiga kiko jirani na jumba linaonekana vizuri kutoka hapo, tena wanafunzi wa Kenya hulipa bei nafuu. Kila mtu abebe daftari, na kamera iwe moja tu, ya chama, isitolewe mfukoni kabla mwenyeji hajasema ndiyo. Mlezi wa chama akikubali, barua ya kuwaomba wazee nafasi nitaiandika mimi, na wenzetu wawili wanaotoka Makina wamekwisha kuahidi kutufundisha maamkizi ya Kinubi kabla ya siku yenyewe.